Ila ya Shimo la Kumi na Mbili

Tunaviita mashimo, wala hakuna shimo.
Ni vikapu vya chuma, kumi na vinane,
alivyovichomelea Ilpo Törrönen na wanafunzi wake
majira ya baridi karakana ilipokosa kazi.
Huo ndio uwanja wetu wa visahani, Haukijoki.
Hauna lango, hauna kiingilio, hauna mlinzi.
Unakuja na kisahani chako na viatu vya mpira,
unatupa.

Nianze na mabaya, ndiyo yaliyo karibu na ngozi:
mbu. Mwezi wa Julai wanakunywa kwa zamu.
Choo hakipo. Benchi ni moja, na mguu wake mmoja ni tofali.
Kibao cha shimo la tano kinaelekeza makaburini;
wageni wametupa huko mara nyingi,
wakarudi wamevua kofia.
Kikapu cha nne kimeshika kutu. Vingine vikipokea hulia,
chenyewe hukohoa.
Na la saba, juu ya dimbwi jeusi!
Nimezamisha humo visahani kumi na kimoja,
kimojawapo zawadi ya harusi.
Mtoto wa Sirkku hupiga mbizi akavitoa,
akatuuzia wenyewe kwa yuro mbili mbili,
majina yetu bado yamo mgongoni kwa wino.

Lakini njoo Juni, saa nne usiku,
jua limeketi juu ya misonobari
kama mgeni asiyejua kuaga.
Njoo baada ya zamu ya kliniki ya meno,
masikio bado yana keekee ndani yake.
Kisahani kinatoka mkononi,
kinakaa hewani kupita haki yake,
kisha taratibu kinakata kushoto,
na minyororo inasema ndiyo.
Nani mwingine aliniambia ndiyo kutwa nzima?

Shimo la kumi na mbili lilikuwa na ila yake:
msonobari mmoja, mnene, katikati kabisa ya njia,
hatua thelathini kutoka unaposimama.
Kulia, vichaka. Kushoto, uzio wa bibi Kerttu,
ambaye hakurudisha kisahani hata kimoja;
paka wake walilia chakula humo.
Gome la mti lilijaa makovu hadi usawa wa kidevu.
Tuliutukana kwa Kifini,
na Dragiša wa duka la matairi kwa Kiserbia,
lugha iliyoonekana kuuma zaidi.
Foleni ilikuwa hapo daima,
watu wakingoja zamu yao ya kushindwa,
wakigawana kahawa ya chupa moja.
Hapo ndipo Ilpo aliponieleza habari ya uvimbe wake,
akiutazama mti, si mimi.

Kisha barua ikaandikwa kwa halmashauri.
Saini sitini na mbili. Yangu ya tisa.
Wakaja na msumeno asubuhi moja ya Oktoba,
na kabla kahawa haijapoa mti ulikuwa magogo.

Sasa la kumi na mbili ni jepesi.
Unatupa, unapita.
Wiki jana Kerttu alisimama uzioni
akaniuliza kama tumeacha kucheza.

Wahenga walisema kizuri hakikosi ila.
Hawakusema ukiing'oa ila yenyewe
kizuri kinabaki kimeshikilia nini.

Ilpo siku hizi hafiki shimo la kumi.
Huketi kwenye benchi la tofali, hesabu ya mchezo mapajani,
akituandikia alama, akitupunja moja moja kwa makusudi.

Jana nilisimama pale. Njia nyeupe,
kikapu kikinitazama uso kwa uso.
Mkono ukaenda kushoto wenyewe,
ukauzunguka mti usiokuwapo,
na kisahani kikaangukia kwa Kerttu.

Nikawasikia paka wakija mbio.